Kona ya Kizimba na Komeo la Bibi

Kiwanda cha sabuni kilipoanza kuuza matangi yake makuukuu, watu waligombania plastiki ya kuwekea maji. Shangazi yangu alitaka kile kizimba cha chuma kinacholizunguka tangi. Wakamcheka kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi na ganda la ndizi. Lakini yeye ni muuza kuni, na kuni zinataka upepo. Alizipanga humo, upepo ukapita kati ya nondo, zikakauka vizuri. Siku ya kuzipeleka kwa mwoka mikate anaingiza uma za toroli ya kunyanyulia mizigo chini ya kizimba, anapampu mpaka kinyanyuke, anakivuta kizima kizima. Mtaa ukamwita Mama Vizimba, na kicheko kikakatika.

Ua wetu ni mwembamba kama shukrani ya mpangaji, kwa hiyo alipandanisha vizimba viwili viwili. Viwili vya mwisho vilitazamana na mlango wa bibi, mama yake. Na kwa kuwa wateja hawapendi kupanda ngazi kwa ajili ya kuni, alikata nondo za mbele za kizimba cha chini ili mkono upite. Wateja wakafurahi. Hakuna aliyejiuliza nondo zile zilikuwa zimebeba nini.

Mchana mmoja baada ya mvua, kile cha juu kikiwa kimejaa kuni mbichi, tulisikia chuma kikilia. Cha chini kilikunja magoti. Cha juu kikainama polepole, kikagota kwa kona moja kwenye mlango wa bibi, kikatulia hapo.

Mlango ule unafunguka kwa ndani. Unashikwa na komeo moja tu, na bibi alikuwa amelala. Bibi akiamka hufungua mlango kwanza, maswali baadaye.

Tulisikia kitanda kikilalamika.

“Mama,” shangazi aliita, “usiguse komeo.”

“Nimekuzaa mimi, leo unanifungia?”

“Mama, nakuomba. Ukifungua, kuni zote zinakuangukia.”

Nilisubiri mlio wa komeo. Haukuja.

Fundi wa kuchomelea, jirani yetu, alikuja, akachungulia, akarudi nyuma haraka kuliko alivyokuja. Alisema tusivute wala tusiweke nguzo, maana anayeweka nguzo ndiye atakayelaliwa. Kipunguzwe uzito kwa juu, tena kwa mkono. Dirisha la bibi nalo alilitazama, pengine atolewe huko, lakini kukata nondo zake kungetikisa ukuta uleule. Akafunga kamba kwenye kizimba, upande wa nyuma, wanaume wakaishika bila kuivuta. Aliyekuwa akitaniwa kwamba anaogopa mende aliegemeza ngazi ukutani, kando ya mlango, akapanda. Ndiye shangazi.

Alitoa gogo moja moja, akilirusha nyuma bila kugeuka. Kila gogo likitoka, kizimba kinakohoa.

“Mwanangu,” bibi alisema kwa ndani, taratibu kama anayeomba chumvi, “skrubu moja ya komeo imeanguka.”

Shangazi alisimamisha mkono hewani. Akamwambia ajibanze pembeni, mbali na mlango.

“Nimeshajibanza. Wewe usiongee, toa kuni. Hii nyingine inatoka.”

Shangazi akaanza kutoa mbili mbili. Mlango ulipasuka ubao wa juu, mpasuko ukashuka kama mjusi hadi kwenye komeo. Fundi alitazama kizimba, akatikisa kichwa, akatazama tena, kisha akasema uzito umepungua, vuteni. Wanaume wakavuta. Kona ikauachia mlango, kizimba kikarudi nyuma na kuanguka uani kwa kishindo kilichowaamsha mbwa wote.

Bibi alifungua. Komeo lilibaki mkononi mwake. Akatutazama, halafu akainua macho: shangazi alikuwa bado juu, ameikumbatia ngazi, hawezi kushuka kwa hofu.

Hakuna aliyecheka. Bibi alitupa komeo, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

“Mguu wa kushoto,” alisema. “Haya. Sasa wa kulia.”