Mlango wa Kikao cha Bajeti

Bawabu wa ukumbi wa halmashauri ni mama mwenye viganja vipana na sauti ya chini, isiyombembeleza mtu. Kila kikao cha bajeti hupigilia kabari ya mbao chini ya mlango kwa kisigino, mlango ukae wazi, kisha hukifuta kitasa kwa ncha ya kanga. Juzi tulijazana barazani tukibishana juu ya zahanati yetu iliyoondolewa kwenye bajeti. Mwenyekiti akakereka. "Mama, hebu tufungie mlango, kelele zimezidi!" "Sawa, mheshimiwa." Akatoka, akatupungia mkono. "Haya, ingieni nyote. Kaeni, msikilize." Tukajaa hadi viti vya mbele, kimya. Ndipo akachomoa kabari, akafunga mlango taratibu. "Nimeshafunga, mheshimiwa. Endeleeni."