Mafuta ya Nazi Yalipoganda Lushoto

Juzijuzi nilikwenda Arusha kumtembelea mjukuu wangu, wakati wa ile baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi nikatoa chupa yangu ya mafuta ya nazi mkobani, nikaiinamisha, halikutoka hata tone. Yalikuwa yameganda, meupe pe. Mjukuu akacheka, akasema Tanga imenidekeza. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nikiitazama ile chupa, maana nilishawahi kuiona hali hiyo mara moja nikiwa na miaka kumi na moja, na siku ile nusura nilie mbele za watu.

Utanicheka, lakini nilikuwa mchezaji wa viatu vya magurudumu. Ndiyo, mimi, mtoto wa Nguvumali pale Tanga, katika miaka ile ya hamsini. Mwalimu wetu wa kushona, mama wa Kizungu wa misheni, alikuwa na jozi moja ya vibamba vya chuma vyenye magurudumu manne kila kimoja, vya kufunga kwa mikanda juu ya kiatu. Alitujaribu wasichana wote wa darasa. Wenzangu walianguka wakaona yatosha. Mimi nilianguka nikataka kujua kwa nini nimeanguka.

Tulifanyia mazoezi kwenye ghala la mkonge kule Usagara, ambalo baba yangu alikuwa nyapara wake. Jumapili lilikuwa tupu, sakafu ya saruji imesuguliwa na marobota mpaka inang'aa, na harufu ya mkonge mkavu inakukereketa koo. Mwalimu alipigilia msumari, akafunga kamba, akachora kwa chaki maduara mawili yaliyogusana. Kazi yangu ilikuwa kulizunguka duara la kwanza kwa mguu wa kulia, nikifika pale yanapogusana nibadili, la pili nilizunguke kwa mguu wa kushoto, bila kuuacha mstari. Hiyo aliiita nane. Miezi mizima, nane hiyo hiyo. Magoti yangu yalichubuka, yakapona, yakachubuka tena.

Bibi alikuja kila Jumapili kunichunga, anakaa juu ya robota na buibui lake. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, na namba alizozijua ni za Kiarabu, ambako tano huandikwa kama duara. "Nane gani hiyo?" alikuwa akisema. "Hizo ni tano mbili. Huyo mwalimu wako hajui hesabu."

Mwalimu alitusimulia kuwa kwao mchezo huu huchezwa juu ya ziwa. Baridi ikija, maji yanaganda na watoto wanakimbia juu yake. Sikulala vizuri wiki nzima kwa kulifikiria jambo hilo. Barafu niliyoijua ni ile ya sokoni, ya kuhifadhia samaki. Nilikwenda nikaomba kipande, nikakikanyaga, nikaanguka chali mbele ya wachuuzi. Nikamuuliza bibi ziwa zima linagandaje. "Uwongo mtupu," alisema. "Na samaki wake wanakwenda wapi?" Hilo nalo likawa swali jipya la kunikosesha usingizi.

Kisha ikaja habari ya mashindano ya watoto, kwenye shule moja ya misheni kule Lushoto. Bibi akaweka sharti lake wazi. Nilikuwa nakaribia umri wa kuwekwa ndani kama mwari, na majirani walikwishaanza kusema. "Ukiwa wa kwanza, nitawaziba midomo mwaka mmoja zaidi. Usipokuwa wa kwanza, viatu virudi kwa mwenyewe." Nilijua hatanii. Siku ya kuondoka aliyapaka magurudumu mafuta ya nazi, aliyoyapika mwenyewe, kama alivyofanya kila wiki. Safari hii alipaka maradufu, huku akisoma dua, kisha akapanda gari pamoja nami na mwalimu.

Lushoto asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Tulikuwa watoto wanane, wengi wa milimani. Nikavaa viatu, nikajisukuma, nikabaki pale pale. Nikajisukuma tena. Mwalimu akapiga magoti, akageuza gurudumu kwa kidole, halikuzunguka. Mimi nikachokoa ndani kwa ukucha, ukatoka utando mweupe, mgumu. Hofu ilikuwa imenijaa kifua kizima, na bado nikajikuta nawaza: kumbe ndivyo ziwa linavyoganda.

Bibi alipouona ule weupe alijua papo hapo. Alinivua viatu, akavitia ndani ya buibui, akavibana tumboni, chuma kile cha baridi kwenye ngozi yake, akajikunyata mlangoni mwa jiko. Mpishi, mama wa Kishambaa, akaleta makaa kwenye karai bila kuombwa. Jina langu likaitwa, mwalimu akaomba nisogezwe mwisho. Likaitwa tena. Nilipoingia kuwa wa mwisho, kiatu cha kushoto kilikuwa kimelainika. Cha kulia bado kilikuwa kinagoma.

Basi nikaenda na cha kushoto peke yake. Nililizunguka duara la kwanza, nikafika yanapogusana, nikaupindua mwili upande wa pili na kulizunguka la pili kwa mguu ule ule. Sikuwa nimefundishwa hivyo. Majaji waliinama kutazama alama kwenye vumbi la chaki, wakasema mstari wangu ulikuwa safi kuliko yote, ila sharti lilitaka miguu miwili. Nikawa wa tatu.

Tulishuka mlima mpaka Mombo, tukirudi nyumbani. Viatu vilikuwa mapajani mwa mwalimu, nami sikuthubutu kuvitazama. Ndipo bibi akanyoosha mkono akavichukua.

"Mafuta yalikuwa yangu," alisema. "Mtoto hawezi kulipa kosa langu. Mwaka mmoja zaidi, na watakaosema waje waseme na mimi."

Niliupata mwaka wangu, na sijapata kuwa na mwaka mwingine mtamu kama huo. Baadaye mwalimu alirudi kwao na viatu vyake, nami nikawekwa ndani kama wenzangu. Ghala lilivunjwa zamani. Bibi hayupo, na ile sakafu nimebaki nayo mimi tu.

Mjukuu alitaka chupa aiweke kwenye maji ya moto. Nikamwambia aache. Niliitia ndani ya kanga, nikaibana tumboni, na baridi yake ilinifanya nishtuke. Sikuwa najua kuwa inauma kiasi kile.