Mchora Katuni wa Sitalike Atafuta Uso Usio wa Mtu

Saa moja asubuhi, jua linapoanza kuingia kwenye kibaraza cha nyumba yake kijijini Sitalike, Obadia Manyanda ameshachonga penseli mbili kwa wembe na kubandika karatasi ya manila juu ya kipande cha silingibodi. Anachora yai. Ndani yake anapitisha mstari wa wima na wa mlalo, hafifu sana, kuonyesha mahali pa pua na macho.

Anaongeza nyusi, kisha mdomo. Anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, anaguna.

"Huyu ni mama wa mashine ya kusaga," anasema. "Tazama hilo shavu. Hapana."

Anaibandua karatasi, anaigeuza upande wa pili na kuanza upya. Ni uso wa kumi na nne tangu juzi.

Obadia, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anatafuta uso usiofanana na mtu yeyote anayemfahamu. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hii, hajawahi kuuhitaji.

Wakazi wa hapa wanamjua kwa mabango yake ya katuni: kinyozi mwenye mikono mirefu, fundi baiskeli aliyemeza pampu. Bango moja humpatia shilingi elfu ishirini, na mwezi ukiwa mzuri huchora sita. Miezi mingine hutegemea mpunga.

Hakufundishwa na mtu. Brashi huitengeneza mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe, akizifunga kwa uzi kwenye tete. Hiyo ni ya mstari wa nje. Mistari ya ndani huichora kwa kalamu ya wino.

"Wa nje uwe mnene, wa ndani uwe mwembamba," anaeleza. "Ukiilinganisha, mtu anakuwa kama kopo."

Siri yake kubwa, hata hivyo, haimo kwenye brashi. Kila katuni yake huanzia kwa mtu halisi.

"Kila mtu ana kitu kimoja kinachotangulia kufika mlangoni. Ukikipata hicho ukakikuza, vingine unaweza kuviacha."

Ustadi huohuo ndio uliomwaibisha.

Mwezi Mei, Cecilia, mwalimu wa darasa la watu wazima, alimwomba bango la kuwahimiza wanakijiji kujiandikisha. Lilitakiwa kuonyesha hasara ya kutojua kusoma. Obadia alichora visanduku vitatu, na ndani yake akamweka shemeji yake, mke wa kaka yake, akitenda kosa alilowahi kulitenda shambani kabla hajajua herufi.

Kosa hilo halisimuliwi hapa. Mwenyewe ameomba hivyo, na ameomba pia jina lake lisiandikwe.

Alimsimulia Obadia peke yake, siku walipokuwa wakimenya mihogo, wote wakicheka. Katika desturi yao ya Kisukuma, shemeji ni mtani. Obadia humwita "mke wangu", naye humjibu kwamba hawezi kuolewa na bwana mdogo asiye na hata ndama.

"Nilidhani utani ni utani," anasema Obadia, akiitazama manila. "Sikufikiri kwamba karatasi inaonwa na watu ambao si watani wake."

Hakuandika jina, wala halikuhitajika. Alichora pengo la meno ya mbele na kitenge kilichofungwa begani kwa namna ambayo ni mama mmoja tu kijijini hufunga.

Siku ya pili baada ya bango kutundikwa, alifika mkwe wa mama huyo, mume wa binti yake, kutoka Litapunga, akiwa ameleta mpunga wa kuuza. Alikuta watu wakilicheka bango, akacheka nao. Kisha akalitambua pengo.

Kwao, mkwe wa kiume huona haya hata kula mbele ya mama mkwe wake. Huyu alikuwa amemcheka hadharani. Aliondoka bila kwenda kusalimia, na tangu siku hiyo binti huja nyumbani peke yake.

Mama huyo aliacha darasa. Alikuwa amehudhuria wiki saba, na alikwisha kuweza kuandika jina lake na majina ya watoto wake wote.

Cecilia alilibandua bango kwa mikono yake. Anasema Obadia asibebeshwe lawama peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitundika, na alipoliona pengo hilo alicheka pia.

Obadia alikwenda kuomba radhi mara mbili, akifuatana na mkewe, Hana. Mara ya kwanza shemeji hakutoka ndani. Mara ya pili alimsikiliza akiwa amempa mgongo. Obadia akaahidi kusimama mbele ya darasa na kukiri.

"Ukisimama pale, hata asiyejua atajua," shemeji alimjibu. "Mimi nilikuchekesha wewe, shemeji. Sikuwachekesha wao."

Tangu hapo Obadia hajauza katuni yenye mtu. Hana anasema mumewe amebadilika.

"Zamani alikuwa anakutazama mpaka unasahau unachosema. Sasa anaongea na viatu vyangu."

Shemeji alimpa sharti moja: aende Litapunga, amwambie mkwe kwamba habari ile ilitolewa bila ruhusa ya mwenyewe, ili kijana aweze kurudi kusalimia. Obadia ameahirisha safari hiyo wiki tano, mara kwa kisingizio cha mavuno, mara cha baiskeli.

Sasa ameamua kwamba ni Jumamosi hii, pamoja na kaka yake.

"Miaka yote nimewachora watu nikiwa nyuma ya karatasi," anasema. "Huko sitakuwa na karatasi."

Cecilia hajalikata jina la mama huyo kwenye daftari la mahudhurio. Darasa hukutana Jumatano alasiri, na njia ya mama huyo kwenda huko hupita mbele ya kibaraza hiki.

"Siku akirudi darasani, mimi nitakuwa shambani," anasema Obadia. "Nataka apite hapa bila kuniona."