Nusu Lita ya Maziwa

Moshi wa kahawia niliujua kabla sijajua jina lake. Baba yangu alikuwa sonara, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yetu, mtaani Mchafukoge. Alisafisha dhahabu chakavu kwa tindikali, kisha yale maji ya bluu yaliyobaki, yenye shaba, akayachemsha hadi yakauke. Dirisha alilifunga na feni akaizima, maana upepo ungepeperusha vumbi la dhahabu. Kazi ikiisha alikunywa nusu lita ya maziwa, eti yanaosha kifua. Maziwa hayo nilitumwa mimi, duka la pembeni, tangu nikiwa mdogo.

Chuo kikuu, kwenye shahada ya uzamili, nikaangukia kitu kile kile. Nilichunguza fuwele za naitreti ya shaba, chumvi ile ile iliyokuwa kwenye maji ya bluu ya baba, iliyoshikamana na molekuli za kikaboni, nikizipasha moto taratibu juu ya mizani nyeti. Kwanza yalitoka maji, uzito ukashuka kidogo. Halafu, ghafla, naitreti na zile molekuli vikavunjika kwa pamoja, kikombeni ukabaki unga mweusi tu. Vingine vyote viligeuka gesi. Kwenye bomba la kioo niliiona ile rangi ya kahawia, ile ile ya moshi wa karakana.

Nilimwambia baba mara moja. Moja tu.

"Baba, ule moshi wako ni sumu. Maziwa yanaenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu."

"Moshi huo ndio unakusomesha, mwanangu," akasema. "Haya, kaniletee maziwa."

Nikaenda. Ninajichukia kwa hilo hadi leo. Nilikuwa na grafu za kumaliza, na kubishana na mzee kungenipotezea jioni nzima. Alikohoa upande wa pili wa ukuta, nami nikachora.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini aliuliza gesi zile zilikwenda wapi. "Nje, kwa bomba la dirishani," nikajibu bila kusita. Wakaridhika. Mapafu yetu sisi wasomi tuliyatunza vizuri mno.

Baba alizikwa kabla sijavaa joho. Msibani walisema ni kifua tu, kazi ya Mungu. Nami nikaitikia amina.

Juzi nilipita pale dukani. Muuza maziwa amezeeka, lakini alinitambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi huwa nawasimulia wanangu habari zako. Hukukosa kumpelekea mzee maziwa hata siku moja. Mungu akulipe."