Kuku Elfu Moja na Mia Mbili

Dada yangu alimkamata mume wangu shingo, mbele ya watu kumi na wanne, akamzamisha uso kwenye pipa la maji ya moto ya kunyonyolea kuku. Nalisema hili mapema ili asiyetaka kunisikiliza aondoke sasa, maana wanaobaki huniuliza niko upande wa nani, na jibu langu ni refu.

Mama yetu alikuwa mwepesi wa mkono. Fimbo ikikosekana alitumia chochote kilicho karibu: mwiko, kandambili, siku moja waya wa redio. Dada ananizidi miaka sita, na vipigo vyangu vingi alivila yeye. Nikivunja kikombe, alisema ni yeye. Hakuwahi kunidai fadhila hiyo, wala kunikumbusha.

Dada aliianza kazi ya machinjioni binti yake akiwa na mwaka mmoja. Ni banda refu la bati na sakafu ya saruji yenye mteremko. Kuku hushushwa kwenye makreti alfajiri, hutumbukizwa vichwa chini katika koni za bati zilizopigiliwa ukutani, kichwa kikichungulia kwa chini. Mchinjaji hupita na kisu. Kuku aliyechinjwa huitikisa ile koni mpaka bati linapiga kelele kama mvua ya mawe, kisha hutulia, na damu hufuata mfereji hadi nje. Kisha huchovywa kwenye pipa la maji, yasiyochemka lakini yanayobabua, halafu hutupwa kwenye mashine ya kunyonyoa.

Wachinjaji walikuwa wanne, na dada ndiye aliyetangulia wote kwa kasi. Wenzake walimwita Jembe. Alishika kisu mpaka kidole chake cha shahada kikapinda, na nyumbani alikuwa akikatia vitunguu kwa mkono wa kushoto ili ule wa kulia upumzike.

Mume wangu aliingia pale kwa sababu yake. Alikuwa hana kazi, dada akaenda kumwombea kwa tajiri. Akaanza kwa kubeba makreti, na kwa kuwa alijua kuandika vizuri na hakunywa, baada ya miaka minne akawa msimamizi. Kwa hiyo aliyeletwa akawa juu ya aliyemleta. Hawakugombana kwa hilo. Yeye aliendelea kumwita dada, naye akamwita shemeji, hata mbele ya tajiri.

Dada alikuwa na mpango wake. Alikwisha kununua kiwanja nje kidogo ya mji, na matofali yalikuwa yamepangwa pale chini ya turubai. Akifika miaka arobaini na mitano, alisema, ataweka kisu chini na kufuga kuku wa mayai, kuku ambao hatawagusa shingo. Mumewe, mlinzi wa lango la shule, mtu mpole anayependa utani, alisema kuku hao wakisikia historia ya mwenye banda hawatataga hata yai moja. Dada alicheka mpaka akafuta machozi. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Na sisi tulikuwa na wetu. Mimi nashona sare za shule, mume wangu ana mshahara. Tulitaka vyumba viwili vya kupangisha, ili uzeeni tusiwe wa kungojea watoto. Kila mtu alikuwa na uzee wake aliouandalia, na njia zote zilipita katika banda lile.

Kisha tajiri akapata mkataba wa kupeleka nyama kwenye mahoteli. Kuku walikuwa mia sita kwa siku. Wakawa elfu moja na mia mbili. Wachinjaji walibaki wale wale wanne, na gari la barafu lilitakiwa kuondoka saa tano asubuhi. Tajiri alimwambia mume wangu kwamba asipoweza kuwasukuma watu, yuko mwingine atakayeweza. Mshahara wake ukaongezwa. Sitaki kujifanya sikuufurahia. Nilibadilisha makochi mwezi ule ule.

Dada akaanza kubadilika. Asubuhi aliamka ngumi zimekaza, ikabidi mumewe amfungue vidole kimoja kimoja kama anayefungua mkono wa mtoto aliyeficha peremende. Akaanza kuvunja vitu. Sufuria ikiungua, aliitupa ukutani na chakula chake. Siku moja alimpiga mumewe kwa mfuniko hadi nyusi ikapasuka, kwa kosa la kuuliza chumvi iko wapi. Shemeji yangu huyo alipoulizwa na majirani alisema amelinda lango miaka kumi hajawahi kupigwa na mwizi hata mmoja, kumbe silaha ziko jikoni. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Halafu ikaja zamu ya binti yao. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jioni moja alimfuata mama yake akitaka asainiwe karatasi ya shule, akairudia sentensi ile ile mara tatu, kama watoto wanavyofanya. Dada aligeuka akampiga kofi la sikio kwa mkono wa kisu. Mtoto aligonga ukingo wa meza akaanguka. Alipoinuka alikuwa anatoka damu sikioni, na hakulia. Alishangaa tu, akigusa sikio na kuangalia kidole chake.

Ni mimi, mama yake mdogo, niliyempeleka zahanati. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka. Dada alikaa nje kwenye benchi, mikono amekalia. Nilitoka nimejaa maneno, nikakuta ameniandalia moja tu.

“Sikumpiga kwa sababu ya kosa,” alisema. “Nilikuwa na haraka.”

Nikamuuliza haraka ya kwenda wapi, na ni jioni, na yuko nyumbani kwake. Akasema hajui. Haraka ilikuwa imemwingia, haitoki akivua aproni. Kisha akaniomba jambo. Katika maisha yetu yote sikumbuki kama aliwahi kuniomba jambo lingine. Aliniomba niseme na mume wangu wapunguze kuku, au waongeze wachinjaji wawili, kwa sababu anaogopa ataua mtu, na mtu aliye karibu naye ni mtoto.

Nilisema naye. Lakini kuna kusema na kuna kusema. Nilimwambia wakati anavaa viatu, mgongo umenigeukia, kwa sauti ya mtu anayepeleka salamu. Akajibu kwamba akienda kwa tajiri na habari hiyo atatoka pale bila kazi, na vyumba vyetu ndiyo kwanza vimefika kwenye lenta, bado paa. Sikubisha. Nilikwisha kuchagua rangi ya milango. Nikarudi kwa dada nikamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akaendelea kufua.

Wiki tatu baadaye ndipo lilipotokea.

Ninayoyajua nimeyapata kwa mchinjaji mwenzake dada, mama wa makamo wanayemwita Bi Mpole. Siku hiyo makreti yalichelewa, na gari la barafu lilikuwa tayari nje, dereva anapiga honi. Mume wangu alikuwa anatembea nyuma yao akihesabu kwa sauti. Bi Mpole alikuwa na homa. Kuku mmoja akajitupa ndani ya koni, kisu kikateleza, kikamkata kiganja kutoka kwenye kitako cha kidole gumba hadi upande wa pili. Anasema aliona kitu cheupe ndani ya mkono wake kabla damu haijaja, akafikiri ni unyoya.

Mume wangu alimletea mfuko wa plastiki na kipande cha kamba. Akamwambia afunge, amalize, gari likiondoka atampeleka mwenyewe akashonwe.

Dada alisema, “Shemeji, mwache aende sasa.”

“Dada, gari liko nje. Dakika kumi tu.”

“Mkono unaning'inia.”

“Dakika kumi, dada. Nakuomba.”

Bi Mpole anaapa kwamba mume wangu alisema nakuomba kweli, na sauti ilitetemeka. Anaapa pia kwamba dada aliweka kisu chini kwanza. Alikiweka juu ya ukingo wa sinki, akakisukuma mbali kwa kidole. Kisha akamgeukia mume wangu, akamkamata kwa nyuma ya shingo kama anavyokamata kuku, maana mkono wake haukujua namna nyingine ya kukamata, akamvuta hatua tatu hadi kwenye pipa, akamzamisha.

Alimwinua. Mume wangu alipiga yowe. Akamzamisha tena. Mara ya pili alijikinga kwa mkono, ndiyo sababu mkono nao uliungua hadi kwenye kiwiko. Wanaume wawili wa makreti walimrukia dada, mmoja akampiga na kreti kichwani, na bado vidole havikuachia. Vilikuwa vimekaza. Ikabidi wamfungue kimoja kimoja, huku mume wangu ananing'inia juu ya mvuke.

Nilifika hospitali nikakuta nusu ya uso imevimba na kung'aa, ngozi ya shavu imekunjamana kama utando wa maziwa. Aliponisikia alisema jina langu, halafu akasema, “Dada yako.” 

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa dada. Polisi walikuwa wamemwachia kwa dhamana ya mjomba, amekaa kwenye kigoda, kichwa kimefungwa bendeji. Sikumsalimia. Nilivua kiatu nikampiga nacho. Nilimpiga mabegani, mgongoni, kwenye ile bendeji mpaka ikalowa. Hakujikinga. Aliinamisha kichwa na kukishika kigoda kwa mikono miwili, vilevile alivyokuwa akishika kiti cha mama tulipokuwa wadogo, akingojea fimbo ziishe. Hilo ndilo lililonizidishia hasira. Nilitaka anirudishie hata moja. Binti yake ndiye aliyenikamata kiuno akanivuta nyuma, akinisihi, “Mama mdogo, basi,” na nilipomgeukia nilikuwa nimeinua kiatu juu yake pia.

Nikakishusha. Nikaenda nyumbani na kiatu mkononi, mguu mmoja peku.

Mjomba aliita kikao. Kesi haikufika mbali, kwa kuwa mume wangu alikataa kutoa ushahidi. Alisema hataki watoto wetu waulizwe mahakamani ni nani kwa nani. Wakakubaliana dada alipe matibabu yote. Kiwanja kikauzwa pamoja na matofali yake. Siku ya kusaini, aliyenunua alimuuliza kama anamwachia na turubai, naye akajibu atamwachia, hana tena cha kufunika.

Tajiri aliwafukuza wote wawili. Dada kwa kupiga, mume wangu kwa kushindwa kutuliza watu. Bi Mpole alishonwa nyuzi kumi na tisa. Vidole vyake viwili havikunji mpaka leo, na hakuna aliyempa kitu. Wiki iliyofuata palikuwa na wachinjaji wapya wanne na msimamizi mpya, na gari likaondoka saa tano.

Mume wangu alikaa nyumbani miezi mitano. Vyumba vilibaki pale pale kwenye lenta. Shavu lilipona kwa alama, jicho likanusurika. Siku moja, bila kuulizwa, aliniambia kwamba alikuwa akihesabu kwa sauti siku zote si ili kuwaharakisha wale wanawake, bali kwa sababu akinyamaza alikuwa anasikia moyo wake unavyopiga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningemwambia avumilie.  Sasa anauza vifaa vya ujenzi kwenye duka la mtu, na akimwona dada barabarani huvuka upande wa pili. Simlaumu.

Dada anafua mashuka ya hospitali. Malipo ni madogo kuliko ya kuku, lakini hakuna anayehesabu nyuma yake. Binti husikia kwa sikio moja. Darasani humketisha upande unaofaa. Shemeji, kwa utani wake, anasema siku hizi mfuniko wa sufuria unakaa juu ya sufuria. Lakini amenong'oneza kwamba bado kuna asubuhi za kufungua vidole.

Kila Alhamisi naenda kumsaidia kukamua mashuka yale mazito. Mume wangu anajua niendako, haulizi. Mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, mnapindisha kila mtu kwa upande wake mpaka maji yote yatoke. Alhamisi iliyopita nilimwambia kwamba lile la kuvumilia lilikuwa la mtu aliyekwisha kuchagua rangi ya milango. Nikamwambia pia kuhusu kiatu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo karibu mwaka mzima, yakatoka vibaya, nusu yake yakipotea kwenye kelele za bomba.

Dada hakunitazama. Nilimuuliza kama anapanga chochote sasa, kiwanja kingine labda, siku za mbele.

“Napanga kumaliza haya kabla jua halijapungua,” alisema. “Vuta.”

Nikavuta. Ana nguvu bado. Alipovuta yeye niliteleza nikapiga magoti kwenye maji. Akangoja niinuke, bila haraka, ncha yake mkononi. Tulikuwa na mashuka mengine thelathini.