Kokoto Lililokojoa

Kazini walimwita Bi Mawe, na hakuchukia. Wenzake wa maabara walipima damu na makohozi. Yeye alipima vijiwe vinavyotoka kwenye figo za watu. Daktari hutaka kujua jiwe limeumbwa na nini, maana kila aina ina tiba yake. Bi Mawe alilisaga kwenye kinu kidogo cheupe, akautia unga kwenye mashine ya kumulika, nayo ikachora mstari wenye vilima na mabonde. Kila aina ya jiwe na vilima vyake.

Hakuwa mtu wa kuamini mashine kichwakichwa. Kila asubuhi, kabla ya kugusa jiwe la mgonjwa, alisaga kwanza kipande ambacho jibu lake linajulikana, aone kama mashine itakitambua. Kipande hicho walikiita Mwalimu. Mwalimu hubadilika: leo jiwe la chokaa, kesho la asidi ya mkojo, siku nyingine la sistini, ambalo ni jiwe adimu la ugonjwa wa kurithi. Mwalimu akishapita, kinu husuuzwa kwa maji, kikafutwa kwa kitambaa, kazi ikaanza. Bi Mawe aliisifu desturi hiyo mpaka watu wakawa wanamkwepa wakati wa chai.

Jumatatu Mwalimu alikuwa sistini, na mashine ikafaulu. Jiwe la kwanza la mgonjwa lilikuwa la mtoto wa kike wa darasa la pili. Mstari ulionyesha chokaa, na pembeni vilima vya sistini, vidogo lakini vipo. Bi Mawe alivitazama, akasikitika, akaandika alichokiona. Mashine si ndiyo kwanza imetoka kufaulu mtihani?

Kesho yake daktari wa figo aliwaita wazazi akawaeleza: ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, atameza dawa maisha yake yote, na mdogo wake aliye tumboni huenda akazaliwa nao. Baba alirudi kazini. Bi Mawe alipopita koridoni alimkuta mama mjamzito ameinama kwenye benchi, na mama mkwe amesimama mbele yake.

"Kwetu hakuna mtu mwenye mawe," mama mkwe alisema. "Hata wa dawa."

"Daktari amesema ni kwetu na kwenu, mama."

"Daktari anaujulia wapi ukoo wangu?"

"Basi na huyu wa tumboni naye tutamgombania hivi hivi?"

Bi Mawe alijitia ana haraka. Moyo ulimuuma, maana mkono ulioandika jibu lile ulikuwa wake.

Siku hiyo Mwalimu alikuwa asidi ya mkojo. Jiwe la kwanza lilikuwa la dereva mstaafu aliyeambiwa akojolee kwenye chujio mpaka alinase. Mashine ikachora mchanga. Mchanga wa kawaida, wa kujengea nyumba. Hutokea hivyo: mtu akikosa jiwe lake huokota lolote, asije akaonekana mzembe mbele ya daktari. Bi Mawe alicheka peke yake. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu kando ya mchanga palikuwa na vilima vya asidi ya mkojo.

Akampigia mzee simu.

"Mzee wangu, hili jiwe limekutoka kweli?"

"Mwanangu, nisikudanganye. Langu lilizama chooni. Hilo nimeliokota hapo getini kwenu."

"Ulilisafisha?"

"Nililiosha kwa sabuni. Nikuletee uchafu?"

Kokoto la getini, limeoshwa kwa sabuni, limekojoa wapi? Bi Mawe aligeuka akakitazama kinu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sistini na asidi ya mkojo haziyeyuki vizuri kwa maji matupu. Hilo alilijua tangu chuoni, lakini nani angemshuku Mwalimu? Unga wake ulikuwa unabaki kwenye mikwaruzo ya kinu, ukimngoja mgonjwa wa kwanza wa siku. Mwalimu akiwa chokaa hakuna aliyeona kitu, maana mawe mengi ni chokaa. Kipimo cha kuzuia makosa ndicho kilichoyazaa.

Alitoa kinu kipya stoo. Nusu ya kila jiwe huwekwa akiba kichupani, na nusu ya mtoto ilikuwapo. Alisaga. Chokaa tupu. Akakisafisha kinu hicho kipya kwa dawa ya kuyeyushia unga, akarudia. Chokaa tupu. Akachukua majibu yote mawili, akaenda kwa daktari.

Daktari alipoambiwa alilifungua faili la mtoto. Aliagiza mkojo wa mtoto upimwe, ukaonekana hauna sistini, kisha akamwambia Bi Mawe, "Njoo tuwaambie pamoja." Angeweza kukataa. Hakukataa, ingawa alitamani ardhi immeze.

Jumatano mama na mama mkwe walikaa, katikati yao kiti kitupu. Bi Mawe hakuzunguka mbuyu.

"Kosa ni letu, la kinu changu. Mwanenu hana ugonjwa wa kurithi. Ana jiwe la kawaida. Nisameheni."

"Si wa kwetu?" mama mkwe aliuliza.

"Si wa kwenu, wala si wa kwao."

"Dawa za maisha?" mama aliuliza.

"Hakuna," daktari alijibu. "Anywe maji kwa wingi na apunguze chumvi. Basi."

Bi Mawe alisubiri kutukanwa. Mama aliweka mikono yote miwili tumboni, machozi yakimtiririka.

"Jana nilimwomba Mungu huyu asizaliwe," alisema. "Nilimwomba hivyo mimi, mama yake."

Mama mkwe alihamia kile kiti cha katikati, akaushika mkono wa mkwe wake.

"Hata mimi niliomba hivyo, mwanangu," alisema. "Sasa tumwombe aje."