Minyiri Minane

Mnara wa simu ulikuwa mtindo rahisi kuliko yote. Unakusanya nywele zote utosini, unazifunga kwa lastiki, kisha unazizungushia uzi mweusi kutoka chini kwenda juu mpaka zisimame zenyewe. Kileleni unafunga kifungo chekundu, kwa sababu mnara wetu hapa Kilwa Masoko una taa nyekundu. Mjukuu wangu alikaa na mnara huo siku mbili, na kila mtoto aliyepita mbele ya kibaraza alimwinamia kichwani na kusema, "Haloo, haloo, nisalimie shangazi!"

Alikuwa na miaka sita. Mama yake, binti yangu wa pekee, alikuwa kule mji wa Mtama kwa msimu wa korosho, akipika na kuuza chakula kwa wapakiaji wa maghala, naye aliniachia mtoto. Mke wangu alikuwa amefariki zamani kidogo. Januari mtoto angeanza darasa la kwanza, na shuleni wote hunyolewa, kwa hiyo zile nywele zilikuwa zimebakiza wiki chache tu. Mimi ni fundi cherehani. Macho yalikuwa yameanza kunikatalia kutunga sindano, lakini vidole vilikuwa vizima na uzi nilikuwa nao wa kila rangi.

Binti yangu mwenyewe sikumsuka hata mara moja. Alipokuwa mdogo na kunijia na chanuo, nilimwambia ampelekee mama yake, hiyo si kazi ya wanaume. Labda ndiyo maana kwa mjukuu nilizidisha.

Baada ya mnara tulitengeneza bodaboda: mikia miwili kama mpini, na kwenye ncha karatasi za kung'aa za biskuti, ndizo vioo vya pembeni. Tukatengeneza kuku na vifaranga, kifundo kimoja kikubwa nyuma na vidogo sita mbele. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mama mmoja mjane aliyekuwa akikaanga bagia, alinipigia kelele bila kuacha mwiko.

"Fundi! Umefunga cherehani umefungua saluni?"

"Njoo na wewe nikusuke."

"Unisuke kitu gani? Karai?"

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizo nilikuwa na furaha ambayo nadhani sikustahili, na ndani ya furaha hiyo sifa ziliingia. Nilipenda watu wasimame. Nilipenda waulize nani kamsuka, nami nitazame pembeni kama vile sikusikia.

Binti yangu alipiga simu kwamba angekuja Jumamosi kumwona mtoto. Nikataka akute kitu ambacho hajawahi kuona. Jumatano, tangu tulipokunywa chai mpaka adhana ya adhuhuri, nilimtengenezea mtoto pweza. Kifundo cha mviringo utosini ndicho kichwa, na kukizunguka mikia minane, ndiyo minyiri. Kila mkia niliutia waya mwembamba ndani, nikauzungushia uzi wa rangi yake, nikaupinda ncha. Ili isimame ilibidi kuvuta sana. Aliniambia naumiza. Nikamwambia pweza halii.

Jioni alitembea mtaa mzima. Watoto wakamfuata wakiimba, "Pweza kapanda nchi kavu!" Naye akawajibu, "Mimi pweza, ninyi dagaa!" Alipofika kwa jirani, yule mama aliweka mwiko chini na kumzungusha kwa mabega. "Ee Mungu wangu," akasema, "mtoto kapendeza mpaka naogopa." Akampa bagia mbili.

Alhamisi asubuhi mtoto akasema kichwa kinamuuma.

Kila mtu huku kwetu anajua kuwa mtoto aliyesukwa jana kichwa kitamuuma leo. Hata jirani, nilipomweleza, alisema ni nyuzi mpya, zitalegea. Nikampa mtoto nusu kidonge cha maumivu. Mchana akaniambia tena. Nikampaka mafuta ya nazi kwenye mistari ya ngozi. Jioni hakula, akasema tena, na mimi nikasema, "Vumilia, ni nywele tu."

Ijumaa asubuhi jirani alikuja kuomba kiberiti. Akamwona mtoto amelala mkekani, akaweka mkono shingoni mwake.

"Babu, mtoto wa moto huyu."

"Nywele zimemvuta."

"Nywele haziletei mtu joto hili. Mfungue, umpeleke akapimwe."

"Mama yake anakuja kesho," nikasema. "Acha aone kwanza."

Alinitazama, akachukua kiberiti, akaenda. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Malaria naijua, imenilaza mimi mwenyewe mara nyingi, na mvua zilikuwa zimeanza wiki mbili nyuma. Siwezi kusema sikujua. Nilichojua ni kwamba nikizifungua zile nywele sitaweza kuzirudisha kabla ya Jumamosi. Mtoto akasema kwa mara ya nne, "Babu, kichwa." Nikamwambia, "Mpaka kesho tu, bibi yangu." Nikaenda kuswali Ijumaa.

Niliporudi alikuwa amelala, nikafurahi kwamba amelala. Baada ya alasiri degedege likamshika. Nilimbeba hadi barabarani, nikapanda naye bodaboda, minyiri ikinichoma kidevuni. Hospitalini muuguzi alizikata nyuzi kwa mkasi akitafuta mshipa wa kichwani, maana mikononi mishipa haikupatikana. Daktari akaniuliza homa imeanza lini.

"Leo asubuhi," nikasema.

Alipona, alhamdulillah. Ndivyo tulivyosema siku ya tano, alipofumbua macho na kuomba maji. Siku ya saba tuligundua kuwa hageuki akiitwa. Daktari alisema malaria ilikuwa imepanda kichwani, na masikio hayatarudi.

Binti yangu alikuwa wodini tangu Jumamosi. Mwanamke wa kitanda cha pili alimwambia kwamba hilo si la hospitali, ni jicho la husuda. "Mtoto kapambwa hivyo, katembezwa mtaa mzima, mlitegemea nini?" Binti yangu akanigeukia. Nakumbuka alikuwa ameshika kikombe cha uji.

"Baba, nani alimsifu?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumwambia siku mbili za kichwa kuuma, nusu kidonge, mafuta ya nazi, swala ya Ijumaa. Badala yake nikasema, "Jirani wa bagia. Alisema kapendeza mpaka anaogopa." Maneno yalikuwa ya kweli, kila neno. Niliyatumia kama mtu anavyotumia nguo ya mwenzake kufutia mikono.

Binti yangu alirudi mtaani akasimama mbele ya karai la yule mama na kumwambia mbele za watu kwamba amemla mtoto wake masikio. Yule mama alifungua mdomo. Kisha alinitazama mimi, niliyekuwa kibarazani, akasubiri. Mimi nikainuka nikaingia ndani.

Miaka miwili nilikaa ndani ya uongo huo. Wenye watoto wadogo waliacha kuwatuma kwake. Harusini alikalishwa pembeni. Hata hivyo, kila asubuhi akinikuta njiani alinisalimia, "Shikamoo," na mimi niliitika "Marahaba" nikiwa nimetazama chini.

Mtoto alipelekwa shule ya bweni ya watoto wasiosikia, mbali na hapa. Likizo huja kwangu na mama yake. Maneno aliyoyajua yanapungua. Mengine anayatamka nusu, na sasa huongea na mama yake kwa mikono, lugha ambayo mimi nimejifunza kidogo tu. Nimewaza mara nyingi nini hasa alisikia mwisho kutoka kwangu akiwa na masikio yake. Ni "Mpaka kesho tu."

Mwaka huu, katikati ya likizo, binti yangu alimwona mtoto akivuka njia kumwendea yule mama, akamkimbilia na kumrudisha kwa kumvuta mkono. Mtoto akalia kwa ile sauti yake isiyojua ukubwa wake. Nikaona siwezi tena. Nilimketisha binti yangu nikamwambia yote, kwa mpangilio, tangu Jumatano mpaka kwa daktari.

Aliinuka akalitoa begi la mtoto. Kisha akauliza jambo moja.

"Alikwambia mara ngapi kuwa kinamuuma?"

"Nne."

"Na yule mama alikwambia umfungue."

"Aliniambia."

Akaanza kukunja nguo za mtoto. Alizikunja vizuri, moja moja, akazitia ndani ya begi, na mimi nilisimama mlangoni bila la kufanya. Kabla ya kwenda stendi alivuka njia. Niliwaona wamesimama, binti yangu ameinamisha kichwa, yule mama amemshika kiwiko. Aliporudi kuchukua begi aliniambia, "Mimi nimemwomba radhi yangu. Ya kwako nenda mwenyewe." Mtoto alinipungia mkono kutoka nyuma ya bodaboda. Yeye hakuambiwa kitu.

Nilikwenda kesho yake, saa za chai, saa ambazo zamani karai lake lilizungukwa. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, kwa mtoto na kwa jina lake, na kwamba niko tayari kusema mbele ya watu msikitini. Aligeuza bagia nne zilizokuwa ndani ya mafuta. Hakuniamkia.

"Kaseme," akajibu. "Utasema, wasikie, waendelee na shughuli zao. Mimi nimekusamehe, mzee, kwa ajili ya Mungu, nisije nikayabeba na haya. Sasa nipishe, unanizuilia wateja."

Niligeuka kuwapisha. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.